Lithiamu ya Manono na urani ya Shinkolobwe: kwa nini atomi hazilingani uzito

Katika nchi jirani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ndani ya mipaka ya lile lililokuwa jimbo moja la Katanga hadi lilipogawanywa mwaka 2015, yako machimbo mawili yaliyotenganishwa na zaidi ya kilomita 400. Upande wa kaskazini, katika jimbo la sasa la Tanganyika, ni Manono, mji uliojengwa juu ya bati na ambao leo unatajwa kila mahali kwa sababu ya miamba yake yenye lithiamu. Upande wa kusini, karibu na mji wa Likasi katika Katanga ya Juu, ni Shinkolobwe, ambako urani iligunduliwa mwaka 1915.

Lithiamu ndiyo metali nyepesi kuliko zote. Urani ndiyo elementi nzito kuliko zote zinazopatikana kwa wingi ardhini. Ardhi moja, ncha mbili za mizani.

Kati ya ncha hizo mbili kuna karibu kila kitu kinachopakiwa kwenye malori kutoka mashariki na kusini mwa Kongo: shaba, kobalti, bati, koltani, wolframu, dhahabu. Kila kimoja kina uzito wake, na uzito huo si jambo la maabara peke yake. Ndio unaoamua gunia la koltani litanunuliwa kwa bei gani, namna ya kumnasa anayeuza dhahabu bandia, kwa nini betri ya gari la umeme haiundwi kwa risasi, na hata kwa nini, mwaka 1945, jiwe lililotoka Katanga lilihitaji viwanda vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kujengwa kabla halijaweza kuangamiza mji.

Lita mbili

Ichukuliwe lita moja ya lithiamu safi, na lita moja ya urani safi. Ya kwanza itakuwa na uzito wa gramu 534, karibu sawa na uzito wa chupa ndogo ya maji iliyojaa. Lithiamu huelea hata juu ya mafuta ya taa. Ya pili itakuwa na uzito wa kilo 19 na ushee, mzigo ambao mtoto hawezi kuunyanyua. Tofauti ni zaidi ya mara 35.

Jibu la haraka linalomjia mtu ni kwamba atomi za urani zimebanana zaidi, kama mahindi yaliyoshindiliwa guniani, na zile za lithiamu zimeachana. Jibu hilo lina mantiki, lakini si sahihi. Ukizihesabu, lita ya lithiamu ina takriban atomi 46 zikifuatwa na sifuri 24, na lita ya urani ina takriban 48 zikifuatwa na sifuri hizo hizo 24. Idadi inakaribia kulingana. Kila atomi ya urani ndani ya metali yake inajitwalia nafasi karibu sawa na ile inayotwaliwa na atomi ya lithiamu. Magunia ni mawili, punje ni karibu sawa kwa idadi na kwa ukubwa. Punje moja tu ndiyo iliyo nzito mara 34 kuliko nyenzake.

Uzito huo umefichwa wapi? Katikati. Kila atomi ina kiini, na kukizunguka kiini hicho ni elektroni. Elektroni ndizo zinazojaza nafasi: ndizo zinazoipa atomi upana wake, na ndizo zinazoshikana na atomi nyingine kutengeneza maji, kutu, chumvi au mwamba. Lakini kwa uzito elektroni ni karibu bure. Protoni moja, iliyomo ndani ya kiini, ina uzito wa elektroni 1,836. Kiini chenyewe ni kidogo kuliko atomi kwa mara elfu kumi na zaidi ukipima upana, na hata hivyo ndicho kinachobeba zaidi ya asilimia 99.9 ya uzito wote. Mwenye kushika kipande cha chuma mkononi anahisi ugumu wa elektroni na uzito wa viini.

Ndani ya kiini kuna chembe za aina mbili. Protoni zina chaji chanya, na idadi yake ndiyo jina la elementi: tatu ni lithiamu, 29 ni shaba, 79 ni dhahabu, 92 ni urani. Ukiongeza protoni moja kwenye kiini cha dhahabu umepata zebaki, si dhahabu ya aina nyingine. Nyutroni, ambazo Mwingereza James Chadwick alizigundua mwaka 1932, hazina chaji yoyote na uzito wake unaizidi protoni kwa kiasi kidogo sana. Jumla ya protoni na nyutroni ndiyo hesabu ya kwanza ya uzito wa atomi, au tungamo ya atomi kama inavyoitwa katika vitabu vya shule. Lithiamu ya kawaida ina protoni tatu na nyutroni nne, jumla saba. Urani ya kawaida ina protoni 92 na nyutroni 146, jumla 238.

Kwa nini nyutroni zizidi

Hapo panazuka swali ambalo halikwepeki. Ikiwa protoni 92 ndizo zinazoifanya urani kuwa urani, za nini nyutroni 146? Oksijeni inatosheka na protoni nane na nyutroni nane. Shaba ina protoni 29 na, mara nyingi, nyutroni 34. Dhahabu ina 79 kwa 118. Kadiri elementi inavyopanda ngazi, ndivyo nyutroni zinavyozidi kuipita idadi ya protoni.

Sababu ni ugomvi wa ndani. Vitu viwili vyenye chaji ya aina moja husukumana, na protoni zote ni za chaji moja. Kuzisonga 92 mahali pamoja ni sawa na kuwafungia wapinzani 92 katika chumba kimoja. Kinachozuia kiini kisipasuke ni nguvu nyingine, kali kuliko msukumano huo, ambayo huzishika protoni na nyutroni bila ubaguzi. Kasoro yake ni kwamba mkono wake ni mfupi: inamfikia jirani wa karibu tu. Msukumano wa chaji unafika mbali, kutoka upande mmoja wa kiini hadi mwingine. Kwa hiyo kiini kikubwa kinahitaji wapatanishi wengi, chembe zenye kushika bila kusukuma, na hizo ndizo nyutroni.

Hata wapatanishi wana kikomo. Baada ya risasi, yenye protoni 82, hakuna tena elementi ambayo viini vyake hudumu milele. Urani huvunjika polepole mno: nusu ya kiasi chochote cha urani ya uzito wa 238 hupotea katika miaka ipatayo bilioni 4.5, muda unaokaribia umri wa dunia yenyewe. Ikivunjika inapitia hatua nyingi, ikiwamo radiamu, hadi inapotulia ikiwa risasi. Ni radiamu hiyo, si urani, iliyoifanya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga kuanza kuchimba Shinkolobwe mapema miaka ya 1920. Wakati ule urani ilikuwa karibu takataka, ikitumika zaidi kama rangi ya vyombo vya udongo na vioo.

Kuhusu zilikotoka elementi hizi, maelezo ni mafupi. Shaba, kobalti na nikeli zilipikwa ndani ya nyota kubwa na katika milipuko ya kufa kwake. Sehemu kubwa ya zile nzito kabisa, kama dhahabu na urani, huhitaji mvua ya nyutroni isiyopatikana ndani ya nyota ya kawaida. Tarehe 17 Agosti 2017 vyombo vya wanasayansi vilinasa mgongano wa nyota mbili zilizoundwa kwa nyutroni, na mwanga uliofuata ulionyesha dalili za elementi nzito zikizaliwa hapo hapo.

Desimali za shaba

Mwanafunzi anayeangalia jedwali la elementi ukutani huona namba zisizo kamili. Shaba imeandikiwa 63.55. Hakuna kiini chenye nusu ya nyutroni, basi nusu hiyo imetoka wapi?

Imetoka katika kuchanganya. Mwaka 1913 Frederick Soddy alizipa jina la isotopu atomi za elementi moja zenye uzito tofauti, na kuanzia mwaka 1919 Francis Aston alijenga mashine iliyoweza kuzitenga moja moja na kuzipima. Shaba ina isotopu mbili za kudumu. Kati ya kila atomi 100 zilizomo katika waya wowote, zilizotoka Kolwezi au Chile, takriban 69 zina jumla ya chembe 63 na takriban 31 zina chembe 65. Wastani wake ni 63.6.

Jedwali, hata hivyo, linasema 63.55, na upungufu huo mdogo si kosa la uchapaji. Kipimo cha uzito wa atomi, tangu mwaka 1961, ni sehemu moja ya kumi na mbili ya atomi ya kaboni yenye chembe 12. Kwa kipimo hicho, ukipima protoni 29, nyutroni 34 na elektroni 29 zikiwa zimetawanyika, utapata 63.52. Ukizipima zikiwa zimeungana kuwa atomi moja ya shaba, utapata 62.93. Karibu asilimia moja ya uzito imetoweka bila chembe hata moja kupotea.

Uzito huo uligeuka nishati na kuondoka siku chembe zilipoungana, kwa kanuni ambayo Albert Einstein aliitoa mwaka 1905. Ndiyo bei ya muungano: kadiri kiini kinavyofungamana kwa nguvu, ndivyo kinavyopoteza uzito zaidi. Viini vya ukubwa wa kati, vya chuma, nikeli na shaba, ndivyo vilivyofungamana kuliko vyote. Kiini cha urani kimelegea zaidi. Kikipasuliwa vipande viwili vya ukubwa wa kati, vipande hivyo vinafungamana upya kwa nguvu zaidi, na sehemu nyingine ya uzito inatoweka ikiwa nishati.

Nyutroni tatu

Hapa ndipo Shinkolobwe ilipoingia katika historia ya dunia bila wakazi wake kuulizwa. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, aliamuru takriban tani 1,200 za mawe yenye urani zisafirishwe hadi New York, ambako zilikaa ghalani katika kisiwa cha Staten. Yalikuwa mawe ya ajabu: mengine yalikuwa na asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati migodi ya kwingineko ilifurahia sehemu ndogo ya asilimia moja. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua.

Lakini kuwa na urani hakukutosha. Katika kila atomi 1,000 za urani, takriban 993 ni zile zenye chembe 238. Saba tu zina chembe 235, pungufu ya nyutroni tatu, na ni hizo saba zinazoweza kupasuka kwa mfululizo unaotakiwa na bomu. Kikemia hakuna njia ya kuzitofautisha. Zina elektroni 92 zile zile, zinayeyuka katika asidi zile zile, zinaungana na vitu vile vile. Tofauti pekee ya kushikika ni uzito, na tofauti hiyo ni pungufu kidogo ya asilimia 1.3.

Sehemu kubwa ya mradi wa Oak Ridge, katika jimbo la Tennessee, ilikuwa ni mizani ya kupima nyutroni tatu. Katika kiwanda kimoja atomi za urani zilipewa chaji na kurushwa katikati ya sumaku kubwa. Nyepesi zilipinda zaidi, nzito zilipinda kidogo, na kila kundi likaangukia chombo chake. Kwa kuwa vita ilikuwa imemeza shaba yote ya kutengenezea nyaya za sumaku hizo, zaidi ya tani 13,000 za fedha ziliazimwa kutoka Hazina ya Marekani. Katika kiwanda kingine urani iligeuzwa gesi kwa kuunganishwa na florini na kusukumwa kupitia kuta zenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Gesi yenye atomi nyepesi huenda kasi zaidi kwa chini ya nusu ya asilimia moja. Ilibidi ipitishwe ukuta baada ya ukuta, maelfu ya mara.

Bomu lililodondoshwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa na takriban kilo 64 za urani iliyotengwa kwa njia hizo, na sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilitoka Kongo. Katika kilo hizo zote, uzito uliogeuka nishati na kuuangamiza mji ulikuwa chini ya gramu moja.

Shinkolobwe ilifungwa rasmi kwa amri ya Rais Joseph Kabila mwanzoni mwa mwaka 2004. Wachimbaji wadogo waliendelea kuingia, si kwa ajili ya urani bali kobalti iliyomo katika mwamba ule ule, na Julai mwaka huo sehemu ya machimbo iliporomoka na kuua watu wanane. Mchimbaji hachagui isotopu wala elementi. Anachimba jiwe, na jiwe linakuja na vyote vilivyomo.

Mapacha wa koltani

Hakuna mahali ambapo uzito wa atomi unagusa mfuko wa mtu wa kawaida kama katika koltani. Jina hilo ni kifupi cha madini mawili, kolumbiti na tantaliti, na ndani yake mna metali mbili zilizoshikana kama mapacha: niobi na tantali. Zinafanana kikemia kiasi kwamba mwaka 1809 mwanakemia William Wollaston aliamua kuwa ni elementi moja. Ilichukua hadi mwaka 1844 kwa Mjerumani Heinrich Rose kuthibitisha kuwa ni mbili. Aliipa ya pili jina la Niobe, binti wa Tantalos katika hekaya za Kigiriki, kwa kuwa hazikuachana.

Mapacha hawa wanatofautiana kwa jambo moja kubwa. Atomi ya niobi ina protoni 41 na uzito wa 93. Atomi ya tantali ina protoni 73 na uzito wa 181, karibu mara mbili. Ajabu ni kwamba zina ukubwa ule ule. Mtu angetarajia atomi yenye elektroni 32 zaidi iwe pana zaidi, lakini protoni 32 za ziada huvuta elektroni zote kuelekea kiini, na upana unarudi palepale. Matokeo yake, lita ya niobi ina kilo 8.6 na lita ya tantali ina kilo 16.7.

Jiwe lenye tantali nyingi kwa hiyo ni zito mkononi kuliko jiwe la ukubwa huo huo lenye niobi nyingi, na wachimbaji wazoefu hulihisi hilo kabla ya mashine yoyote. Soko linaitaka tantali zaidi, kwa ajili ya vifaa vidogo vya kutunzia umeme ndani ya simu na kompyuta. Gunia hulipwa kwa asilimia ya tantali iliyomo. Na asilimia hiyo husomwa, katika nyumba za wanunuzi, kwa kifaa kinachofanana na bastola kinachoelekezwa kwenye unga wa madini kwa sekunde chache.

Kifaa hicho hakipimi uzito. Kinahesabu protoni, na namna kinavyofanya hivyo inahitaji kisa kidogo cha kobalti na nikeli.

Wanakemia wa karne ya 19 walipozipanga elementi kwa kufuata uzito wa atomi, kama Dmitri Mendeleev alivyofanya mwaka 1869, mpango ulikubali isipokuwa mahali pachache pabishi. Pamoja palikuwa pa kobalti. Tabia zake zilidai itangulie nikeli, lakini atomi yake ni nzito zaidi: 58.93 kwa 58.69. Ilionekana kama kosa la vipimo, na vipimo vikarudiwa bila mabadiliko. Mwaka 1913 kijana Mwingereza Henry Moseley aliipiga elementi moja baada ya nyingine kwa elektroni na kupima eksirei zilizotoka. Aligundua kuwa nishati ya eksirei hizo hupanda kwa hatua zilizopangika, na kwamba kinachoipanga ngazi hiyo si uzito bali chaji ya kiini. Kobalti ilikuwa ya 27, nikeli ya 28. Leo sababu inajulikana: kobalti yote ya asili ina nyutroni 32, ilhali nikeli nyingi ina nyutroni 30 tu. Nikeli ina protoni moja zaidi lakini imepungukiwa nyutroni mbili. Moseley hakuishi kuliona hilo likielezwa; aliuawa katika vita vya Gallipoli Agosti 1915, akiwa na umri wa miaka 27.

Bastola ya mnunuzi wa koltani inatumia kanuni hiyo hiyo ya Moseley. Inarusha eksirei kwenye unga, atomi zinajibu kwa eksirei zake zenyewe, na kila elementi inajitaja kwa namba yake: 41, 73, na pia 90 na 92, kwa kuwa koltani mara nyingi huambatana na toriamu na urani kidogo, jambo linaloyafanya baadhi ya magunia kuhesabiwa kama mzigo wenye mionzi yanaposafirishwa. Kifaa ni sahihi kikiwekwa sawa na unga ukichanganywa vizuri. Tatizo ni kwamba kwa kawaida kinashikwa na upande mmoja wa biashara. Aliyeleta gunia kutoka mlimani anaonyeshwa namba, naye hana cha kuilinganisha nacho ila uzito aliousikia begani.

Dhahabu na mwigaji wake

Kwenye dhahabu, mizani ina hila nyingine. Atomi ya risasi, yenye uzito wa 207, inaizidi atomi ya dhahabu yenye 197. Hata hivyo kipande cha dhahabu kinakizidi mbali kipande cha risasi cha ukubwa huo huo, kilo 19.3 kwa 11.3 kwa lita. Hapa kweli atomi zimebanana: nafasi moja inayotosha atomi nne za risasi inatosha atomi saba za dhahabu. Uzito wa kitu, kwa hiyo, unategemea mambo mawili, uzito wa atomi na nafasi inayotwaliwa, na anayesahau la pili hudanganyika.

Mtihani wa kale wa maji unategemea hilo. Gramu 193 za dhahabu safi zikizamishwa katika chombo kilichojaa pomoni humwaga mililita 10 za maji. Shaba ya njano inayong'arishwa ili ifanane na dhahabu itamwaga zaidi ya 22. Matapeli wengi wanaouza dhahabu bandia katika miji ya Afrika Mashariki wangeumbuka kwa mizani ndogo na glasi ya maji, kama mnunuzi asingekuwa na haraka.

Wolframu ndiyo isiyoumbuka. Metali hiyo, ambayo madini yake huchimbwa Rwanda na mashariki mwa Kongo, ina uzito wa kilo 19.25 kwa lita. Gramu 193 zake zitamwaga maji yale yale, mililita 10 na kitone. Kiini cha wolframu kikivishwa ganda la dhahabu, maji hayatasema kitu. Bastola ya eksirei nayo itaona ganda tu, kwa sababu miali yake haipenyi ndani. Njia mojawapo ni kukata, kutoboa au kuyeyusha: dhahabu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,064, na wolframu hubaki ngumu hadi zipite 3,400.

Wepesi wenye thamani

Na Manono? Huko hesabu imegeuka, kwa maana kinachonunuliwa ni wepesi. Betri hufanya kazi kwa atomi kutoa elektroni. Kilo moja ya lithiamu ina atomi mara 30 zaidi ya zile zilizomo katika kilo moja ya risasi. Hata kama kila atomi ya risasi hutoa elektroni mbili na ya lithiamu moja, kwa uzito ule ule lithiamu bado inaongoza mara 15. Betri kamili haifikii tofauti hiyo, kwa kuwa ndani yake mna vitu vingine vingi, lakini ndiyo sababu gari la umeme la leo linaweza kujibeba.

Wepesi huo huo ndio mzigo wa Manono. Madini yenye lithiamu huko huitwa spodumini, na ndani yake lithiamu imefungwa pamoja na alumini, silikoni na oksijeni, ambazo zote ni nzito kuliko yenyewe. Spodumini safi kabisa, isiyo na mchanga wala mwamba mwingine, ina lithiamu asilimia 3.7 kwa uzito. Oksidi ya tantali, kwa kulinganisha, ni asilimia 82 tantali. Lori linalotoka Manono na tani 30 za spodumini safi linabeba chini ya kilo 1,200 za lithiamu. Zinazobaki ni tani karibu 29 za vitu ambavyo vinapatikana katika udongo wa kila mahali. Swali la kama mawe hayo yatasafishwa palepale au yatabebwa yalivyo kuvuka mipaka na bahari linaanzia katika hesabu hiyo kabla halijafika kwa wanasiasa.

Na bastola ya eksirei, inayoisoma tantali kwa sekunde chache, kwa lithiamu ni kipofu. Kiini chenye protoni tatu hutoa mnong'ono dhaifu mno, unaomezwa na hewa kabla haujafika kwenye kifaa. Sampuli za Manono kwa kawaida hupelekwa maabara.